Sadaka ya mgema: kanisa lipokee au lirudishe?

Mweka Hazina (aliyeanzisha mada)

Ndugu zangu wa Malindi na vitongoji vyake, kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Nalileta hapa tulijadili, na mnirushie mawe kama nastahili.

Kanisa letu, ambalo sitalitaja, linaezeka paa upya, na tuliitisha mchango wa mabati. Mzee mmoja wa upande wa Ganda, mshirika tangu mimi sijazaliwa, alikuja na mkebe wa Kimbo akaumimina juu ya meza yangu. Shilingi 4,700. Sarafu ndizo nyingi, na noti za hamsini na za mia zilizonatana hadi nikawa nazibandua moja moja kwa ukucha. Harufu yake anaijua yeyote aliyewahi kukaa mangweni, kule linakouzwa na kunywewa tembo, au kupita tu njiani upepo ukitoka upande huo. Ni tembo la mnazi. Mzee ni mgema na hajawahi kuficha. Kovu la kotama, kisu cha kugemea, liko kwenye kidole gumba chake, ukimsalimia unalihisi.

Nilimwandikia risiti. Jioni kamati ikakaa, ikaamua pesa zirudishwe kwa sababu nyumba ya Mungu haijengwi kwa mapato ya ulevi. Aliyetumwa kurudisha ni mimi. Mzee hakuniuliza kitu. Aliupokea mkebe, akamwita mjukuu aniletee maji ya kunywa, tukazungumza habari za mvua.

Sasa sikieni. Siku ile ile ya mchango ililetwa bahasha nene kutoka kwa bwana mmoja mwenye viwanja kila pembe ya mji huu, na namna alivyovipata viwanja hivyo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Bahasha ilipokelewa kwa makofi na kwaya ikasimama. Nami nilipiga makofi.

Nauliza: Mkristo anapimaje kwamba pesa hizi ni safi na zile ni chafu?

Kwa upande wangu, tulimkosea yule mzee. Luka sura ya 8 anawataja wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao, na mmoja wao ni Yoana, mkewe Kuza, wakili wake Herode. Maana yake mkate uliokuwa ukiliwa njiani ulilipiwa kwa mshahara wa jumba la Herode, lile lile lililomkata Yohana Mbatizaji kichwa. Sijasoma popote kwamba Yoana alirudishiwa kikapu chake. Na kwenye Mathayo 23 Bwana anawakemea watu waliokuwa wakilipa zaka za mnanaa na bizari huku wameacha adili, rehema na imani. Nikisoma hapo siku hizi naona mizani ya kamati yetu.

Mchungaji Kijana, Muyeye

Heshima yako, mzee wangu, lakini umechagua aya zinazokufaa. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira wa kahaba kuingizwa katika nyumba ya Bwana. Habakuki 2:15: "Ole wake yeye ampaye jirani yake kileo." Hata makuhani wakuu, pamoja na ubaya wao, walikataa kutia vile vipande thelathini vya Yuda katika sanduku la sadaka kwa kuwa ni kima cha damu. Wakanunua shamba la mfinyanzi wazike wageni.

Mimi simchukii mgema. Ila nikipokea pesa yake madhabahuni, yule kijana niliyemtoa mangweni mwezi jana atasemaje? Paulo alisema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Kwa Mkristo haitoshi kuuliza kama jambo limeruhusiwa. Unaangalia pia nani ataanguka ukilifanya.

Fundi Dau

Mchungaji, hao makuhani si ndio waliomlipa Yuda? Zilipotoka mfukoni mwao zilikuwa safi, ziliporudi ndipo zikawa za damu? Nauliza tu.

Mwana wa Mgema

Si mimi mtoto wa mzee huyo, lakini baba yangu pia alikuwa mgema, kwa hiyo nimeguswa.

Mchungaji, ngoja nikueleze tembo, maana naona unalijua kwa jina tu. Mgema anapanda alfajiri, anateremsha kibuyu. Tembo la saa hiyo ni tamu, mtoto anapewa kikombe aende shule. Mama alikuwa akichota kidogo kuumulia mkate. Likikaa hadi alasiri linachangamka. Jioni ni kali, linapanda kichwani. Likiachwa siku kadhaa linakuwa siki, na hiyo siki unakula kwenye kachumbari ya harusi za waumini wako. Mti ni ule ule, kibuyu ni kile kile. Nitajie dhambi inaingia saa ngapi.

Isitoshe, dada yangu alipoposwa, wazee walikuja na kadzama, tembo la posa, kama ada yetu Wagiriama ilivyo. Bila kadzama hakuna posa. Ndoa ile ile ikabarikiwa kanisani, mchungaji akala pilau. Ada yangu ya sekondari ilipandiwa mnazi asubuhi na jioni, na mwaka mmoja baba alianguka akavunjika nyonga. Tulipompeleka hospitali, aliyekuja kumwombea alikuwa mchungaji, na hakuuliza bili italipwa kwa pesa gani.

Jirani wa Shela

Assalamu alaykum. Mimi ni Mwislamu, nimepita nikavutiwa na mazungumzo. Kwetu kileo ni haramu na mlango umefungwa, kwa hiyo la mnazi nawaachia wenyewe. (Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliumulia mkate wa kumimina kwa tembo tamu na swala hakuacha hata moja. Hilo lisitoke hapa.) Nauliza tu kuhusu bahasha: vile viwanja ni vya nani? Maana baadhi yetu tunamfahamu aliyekuwa akilima pale kabla ua halijawekwa.

Katekista Mstaafu

Wanangu, swali hili lina umri mkubwa kuliko makanisa yetu yote ya pwani.

Thomas wa Akwino, mtakatifu na mwalimu wa Kanisa Katoliki, katika karne ya 13 aliliuliza hivi hivi: je, mtu aweza kutoa sadaka kwa mali aliyoipata vibaya? Akaigawa mali hiyo mafungu matatu. La kwanza ni mali ya mtu mwingine, ya wizi au ya kunyang'anya. Hiyo huwezi kuitolea sadaka kamwe, kwa sababu si yako, mrudishie mwenyewe. Zakayo alilielewa hili (nasema yule wa Luka 19, si Rais wetu mnayemtania kwa jina hilo kwa ajili ya kodi). Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya.

La pili ni mali ambayo mtoaji na mpokeaji wote wamekosa, kama mtu kununua cheo cha kanisa. Aliyepokea hastahili kubaki nayo na aliyetoa hastahili kurudishiwa, basi iende kwa maskini.

La tatu ndilo la hapa. Ni mapato ya kazi yenye aibu, lakini malipo yenyewe hayakuibwa. Mfano wake alikuwa kahaba. Thomas anasema kazi ile ni dhambi, ila pesa ni za mwenyewe na anaweza kuzitolea sadaka kwa maskini. Zisiwekwe tu juu ya altare, kwa ajili ya kikwazo na heshima ya vitu vitakatifu. Kwa hiyo, Mchungaji, una hoja nusu, kama kweli kugema ni kazi ya aibu, jambo ambalo mimi mwenyewe silikubali, kwa kuwa Kana hawakunywa juisi. Lakini tazama Thomas anaanzia wapi. Hanusi noti. Anauliza kwanza pesa ni za nani. Ukianzia hapo, mkebe wa mzee unapita kabla ya bahasha.

Na mwingine. Mwaka 1514, kisiwani Cuba, padre Bartolomé de las Casas alikuwa akitayarisha mahubiri ya Pentekoste. Yeye mwenyewe alikuwa na wenyeji waliogawiwa kwake wamfanyie kazi kwa nguvu. Akafika Yoshua bin Sira sura ya 34 (ndugu Waprotestanti, kitabu hiki hamna, azimeni), panaposema kwamba kumtolea Mungu mali ya maskini ni sawa na kumchinja mwana mbele ya macho ya baba yake. Akaamua kuwaachilia watu wake, na akahubiri hadharani juu ya hilo. Hakuwa malaika. Baadaye alipendekeza waletwe Waafrika wafanye kazi badala yao, na uzeeni akajuta sana. Dhamiri ya mtu hufumbua jicho moja moja.

Mwanahistoria wa Kona

Naongezea kidogo. Mwaka 1905 huko Marekani tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alitoa dola 100,000 kwa bodi ya wamisionari ya Wakongregesheni. Mchungaji Washington Gladden akapinga kwa nguvu: pesa za mtu aliyewakanyaga wafanyabiashara wadogo hazifai. Mabishano yakawaka, na katikati yake ikajulikana kwamba bodi yenyewe ndiyo iliyomwomba Rockefeller. Pesa wakabaki nazo.

Kwetu hapa, Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alirudisha michango ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia moja jijini. Kwa hiyo kurudisha bahasha nene kunawezekana, wala paa halikuanguka.

Mweka Hazina, naomba ujibu: barua ya kumwomba yule bwana wa viwanja aliiandika nani?

Mweka Hazina

Mimi.

Mama wa Maweni

Nimewasoma wote. Mmezunguka Cuba, mmezunguka Marekani, hamjafika Maweni.

Mume wangu ni fundi wa kuezeka makuti, na analipwa Jumamosi. Kutoka kazini hadi nyumbani kuna mangwe tatu, na ya katikati huuza tembo la mzee huyo huyo wa mkebe. Mzee mwenyewe namfahamu, ni mpole, huniita mwanangu tukikutana sokoni. Lakini Jumamosi saa mbili usiku nakaa kizingitini na sufuria ya maji inachemka, nasubiri unga. Wakati mwingine unakuja. Wakati mwingine anakuja yeye peke yake, anaimba.

Mweka Hazina, wewe umemwona mgema maskini na tajiri wa viwanja ukadhani umemaliza kuhesabu. Mimi hukunihesabu. Katekista anasema tuulize pesa ni za nani. Basi na mimi nijibu: humo ndani ya mkebe kuna unga wangu. Sikunyang'anywa kwa panga, mume wangu alitoa kwa mkono wake. Mtakatifu wenu anawekaje hilo, fungu la ngapi?

Mwana wa Mgema

Mama, pole. Baba yangu alikuwa na wateja aliowakatalia. Walivuka barabara wakanunua kwa mwingine.

Mama wa Maweni

Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikusema mzee ni mwizi.

Mchungaji Kijana, Muyeye

Mama huyu amesema nilichoshindwa kusema kwa aya nne.

Msomaji wa Langobaya

Nitasema moja niondoke. Mimi ni wa upande wa Shakahola. Tangu 2023 tumeona miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Nani ana hatia hilo ni la mahakama, na washtakiwa wamekana. Mimi nazungumzia majirani zangu. Walikuwa wanajua kwamba mtoto akilia njaa unampa uji. Hata mbuzi anajua. Ila walikuwa wamekabidhi kujua kwao kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo Mweka Hazina, mnazi na viwanja vyote sawa, lakini kilichonishtua mimi ni sentensi yako moja: "Aliyetumwa kurudisha ni mimi." Ulijua si sawa, na risiti ulikuwa umeandika. Kamati ikasema, ukabeba mkebe.

Fundi Dau

Hapo pameuma.

Mweka Hazina

Pameuma kweli. Nimekaa siku nne bila kujibu.

Kwa Msomaji wa Langobaya sina utetezi. Niliogopa kuonekana mtetezi wa walevi, basi.

Kwa Mama wa Maweni: nilikuja hapa nikiwa na mizani ya sahani mbili, maskini na tajiri, wewe umeweka ya tatu. Bado naamini bahasha ilistahili kuulizwa kabla ya mkebe, na jana kwenye kamati nilisema hivyo kwa sauti. Niliomba pia tumwite yule aliyekuwa akilima kwenye viwanja vile aje atueleze. Wawili waliniunga mkono, watano wakasema nimeanza siasa. Bahasha ilishakuwa mabati, mafundi wako juu ya paa. Lakini siwezi tena kusema pesa za mzee hazina neno. Nilitaka jibu moja la kumpelekea, sinalo.

Katekista, nilikwenda kumwona yule mzee wa mkebe. Nilimpa pole kwa niaba yangu mwenyewe, si ya kamati. Akaniuliza kama mvua imefika kwetu.

Jumapili hii nilihesabu kapu la kawaida, lile linalopitishwa kwenye mabenchi na hakuna anayeulizwa kitu. Katikati ya noti kulikuwa na mia mbili inayonata. Sikuipeleka kwa kamati. Nimeiandika kwenye daftari, sadaka ya kawaida, 200.

Mama wa Maweni

Kama inanata, andika jina langu.