Naomba ushauri: vibao vya usumba na rezini, nyuzi zinachomoka

Mpwani wa Jambiani
Assalaam alaykum. Hapa kwetu mama zetu wanafukia makumbi ufukweni, miezi ikipita wanayafukua, wanayaponda na kusokota kamba. Usumba mwingi, yaani nyuzi za makumbi, unabaki. Mie nautia kwenye rezini ya poliesta, ile ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ya mafundi wa maboti ya faiba, nitoe vibao vya meza na milango ya makabati. Kikitoka kwenye kalibu kinapendeza. Lakini nikikivunja naona nyuzi zimechomoka nzima nzima, zimeacha vitundu kwenye rezini. Na vilivyokaa barazani wakati wa masika vimepinda. Tatizo ni usumba au rezini? Na nivipime vipi kabla sijamuuzia mtu?

Fundi Faiba, Wesha
Wa alaykum salaam mdogo wangu. Rezini usiilaumu bado. Usumba uliofukiwa pwani una chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Uoshe kwa maji ya mfereji mpaka yatoke safi, uanike, halafu uutie kwenye oveni joto la digrii 80. Pima kwa mzani kila baada ya muda. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Hadina, ile dawa ya kugandisha, tia asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, mchana wa jua kali punguza. Na kama kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, unainunua peke yake, nakuomba sana: ikoroge kwanza na rezini, ndipo utie hadina. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinalipuka.

Bint Maabara
Fundi kasema kweli, ila kukausha peke yake hakutoshi. Usumba una nta juu yake na unapenda maji, poliesta haipendi maji, ndiyo maana havishikani. Tumia kostiki ya watengeneza sabuni, gramu 50 kwa lita moja. Vaa glavu na miwani, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Loweka saa chache, suuza mpaka utelezi uishe, kausha. Maji yake usimwage penye mwani wa watu.

Usitarajie nguvu ya faiba, maana faiba ni uzi wa kioo. Uzi wa kioo unavuka megapaskali (kipimo cha nguvu kabla ya kukatika) 2000, usumba ni kama 100 hadi 200. Sifa yake ni kurefuka sana kabla ya kukatika, kwa hiyo kwa meza unafaa, kwa ubavu wa boti usijaribu. Tena usiposhikana vizuri, kibao kinaweza kuwa dhaifu kuliko rezini tupu! Kwa hiyo mwaga na kibao cha rezini tupu kwenye kalibu hiyo hiyo, upate cha kulinganisha.

Kupima: kata vipande vitano vya upana mmoja, kila kimoja kikae juu ya vyuma viwili vilivyoachana mara 16 ya unene wake. Tundika ndoo katikati, tia maji polepole mpaka kivunjike, kisha pima ndoo na maji yake. Kilo zidisha kwa 9.8 upate nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta. Zidisha kwa 3 na kwa umbali wa vyuma, gawa kwa 2, kwa upana, na kwa unene mara unene. Ukipima kwa milimita, jibu ni megapaskali. Vipande vitano vingine vipime uzito, loweka saa 24, vifute, vipime tena uone vimenywa maji kiasi gani, uvivunje vivyo hivyo. Hivyo vya maji ndivyo vitakavyokwambia ukweli, maana Unguja hakuna kibao kitakachokaa kikavu.

Fundi Faiba, Wesha
Hapo kwenye kostiki awe na kiasi, ikizidi inakula uzi. Na kingo ulizokata zipake rezini; ncha za nyuzi zikiwa wazi maji yanapita humo humo. Hilo la kupinda mie naona limeanzia hapo.

Mpwani wa Jambiani
Shukran sana nyote. Kingo kweli sikuzipaka. Kikitoka kwenye kalibu nikivunje siku ile ile?

Bint Maabara
Hapana, poliesta inaendelea kukomaa hata ikishakuwa ngumu. Kiache wiki, na vyote viwe na umri mmoja.