Naomba ushauri: nataka amri moja ijenge utafiti wangu wote

Wakuu habari zenu, nina skripti 9 za R (lugha ya programu ya takwimu) za tasnifu yangu ya masta naziendesha kwa mkono moja moja, sasa kwa laptop ya msimamizi wangu namba zinatoka tofauti, tumehangaika siku 2 kumbe yeye bado ana R 3.5 na kuanzia 3.6.0 ya 2019 sample(), ile ya kuchagua kwa bahati nasibu, ilibadilishwa, yaani set.seed (namba ya kuanzishia bahati nasibu) ileile inachagua watu wengine kabisa. Iliniuma sana. Renv nimeshaweka, inashika matoleo ya paketi ila R yenyewe haikusakinishii. Ninachotaka mtu akishusha folda aandike make tu, data isafishwe, grafu zichorwe mpaka PDF itoke. Makefile (faili la hatua ambalo make inalisoma) inatosha au niende targets (paketi ya R ya kazi hiyohiyo)? Na Docker, ile inayofunga R na kila kitu kwenye kifurushi kimoja (imeji), mnaibebaje kwa bando la simu, maana imeji zake nzito mno? Mliopita huku nisaidieni jamani.