Majaribio ya barakoa hayakutoa jibu la uhakika. Je, ndiyo kusema hazifai?

Kila barakoa za kuzuia korona zinapotajwa, hakosekani wa kusema: "Cochrane walishamaliza, barakoa ni bure." Cochrane ni mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za afya. Mimi napinga, na naomba tubishane kwa hoja.

Mapitio ya Cochrane ya Januari 2023 yalikusanya majaribio 78 ya njia za kuzuia virusi vya njia ya hewa, kunawa mikono kukiwemo. Kuhusu barakoa mitaani waliandika kwamba pengine hazileti tofauti kubwa, au hazileti kabisa. Lakini papo hapo wakaonya kuwa kasoro za majaribio, na watu kutozivaa ipasavyo, vinazuia hitimisho thabiti. Onyo hilo ndilo linaloachwa njiani. Machi mwaka huohuo mhariri mkuu wao, Karla Soares-Weiser, alilazimika kutoa tamko kwamba "barakoa hazifanyi kazi" si tafsiri sahihi ya kazi ile.

Chukueni jaribio la Denmark la 2020, linalopendwa sana na wapinzani. Watu 6,024 waligawanywa kwa nasibu: kundi moja likapewa barakoa 50 kila mtu na kushauriwa kuzivaa watokapo nyumbani, jingine halikushauriwa. Baada ya mwezi, walioambukizwa korona walikuwa 42 upande wa barakoa na 53 upande wa pili, yaani asilimia 1.8 kwa 2.1 ya waliomaliza jaribio. Watafiti wenyewe walisema matokeo hayo yanaruhusu lolote kati ya kinga ya asilimia 46 na ongezeko la hatari la asilimia 23. Sasa kwa upana huo, mtu anaipataje sifuri? Waliokiri kuvaa kama walivyoelekezwa hawakufika hata nusu. Tena kilichopimwa ni kinga ya mvaaji tu, katikati ya umati usiovaa. Hoja kubwa ya barakoa, kwamba mgonjwa asiwamwagie wengine virusi, haikuguswa.

Hapo kwenye kuvaa ndipo penye uzito kwangu. Kenya 2020 kutovaa barakoa hadharani kuliwekewa faini ya hadi shilingi 20,000, na bado tuliziona zikining'inia kidevuni, zikipandishwa askari akikaribia. Kupima agizo la kuvaa ni jambo moja, kupima barakoa iliyofunika pua na mdomo ni jingine.

Ila wenzangu mnaozitetea nanyi msizidishe. Jaribio la Bangladesh, vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000, lilipandisha uvaaji sahihi kutoka asilimia 13 hadi 42, na maambukizi yenye dalili yakapungua kwa takriban asilimia 9. Kwa barakoa za kitabibu, wenye miaka 60 na zaidi walipata nafuu ya asilimia 35. Za kitambaa hazikuonyesha matokeo ya wazi. Na wanakijiji walijua wamo kwenye mpango wa barakoa, jambo linaloweza kupotosha namna walivyoripoti dalili. Mwaka 2020 zipo ahadi nyingi zilizotolewa kupita ushahidi huu, na zimetugharimu imani ya watu.

Kwa hiyo anayesema ni bure anijibu hili: ni jaribio gani lililopima watu waliovaa kweli, likaondoa hata uwezekano wa kinga ya asilimia 10? Na anayetaka zilazimishwe, atueleze ni kiasi gani cha kinga kinatosha kumtoza mtu faini.