Podikasti za vitabu, siasa na fikra: unasikiliza zipi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Za mpira na mapenzi tuziweke kando kidogo. Mimi nimenogewa na In Our Time ya BBC Radio 4. Melvyn Bragg aliiongoza tangu 1998 hadi alipoachia ngazi 2025: wahadhiri watatu, mada moja, basi. Mhadhiri alipoanza kuzunguka, mzee alikuwa anamkatisha. Kwetu angeambiwa hana adabu. Haya, leteni zenu. Nawasilisha.

*

Mwalimu wa fasihi hapa, Morogoro. Nafuatilia The New Yorker: Fiction. Kila mwezi mwandishi anachagua hadithi ya mwenzake iliyowahi kutoka kwenye jarida hilo, anaisoma yote, kisha anaijadili na mhariri Deborah Treisman. Mtu akisifia kazi yake mwenyewe ni rahisi kumpuuza. Akisifia ya mwingine, atabanwa aonyeshe ni sentensi ipi iliyomshika na kwa nini. Nimeihamishia darasani, kidato cha tano: mwanafunzi analeta hadithi aliyoipenda, anaisoma kwa sauti, wenzake wanamhoji. Waliozoea kukariri dhamira na wahusika walinuna kweli. Siku hizi wanagombea zamu.

*

Mwalimu, heshima kwako, ila hadithi zinanipa usingizi na mimi nashika usukani wa lori, Dar hadi Tunduma. Natumia New Books Network: mwandishi wa kitabu cha siasa au historia anahojiwa na mtu aliyekisoma. Napakua kwenye Wi-Fi kabla ya safari, bando lisiniumize. Vitabu vyenyewe bei haishikiki, kwa hiyo msiniambie kusikiliza si kusoma. Hoja naipata, na kubishana nayo njiani nabishana.

*

Mkuu dereva, kubishana na mtu asiyekusikia ni raha kweli 😂

*

Na Kiswahili je? BBC ilianza kututangazia kwa Kiswahili 1957, DW 1963, masikio yetu yamezoea mazungumzo marefu. Mwandishi Gurnah, wetu wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021, uchambuzi wa maana niliupata kwa Kiingereza tu. Inauma.

*

Dada, sisi huku Muscat tumeacha kungoja. Tuna kundi la WhatsApp: mmoja anarekodi beti chache na maelezo yake, wengine wanajibu kwa sauti. Ijumaa hii ni mshairi Muyaka wa Mombasa. Asiyejua Kimvita, lahaja ya huko, aje na kamusi.