Naomba ushauri: kuagiza miche ya parachichi Hass na mbegu za nyanya kwa wauzaji wa mtandaoni

ShambaSoni:
Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari moja maeneo ya Soni, Lushoto, nataka kupanda Hass ya kubebesha, na nusu ekari pembeni ya nyanya. Instagram kuna muuzaji wa Njombe anauza miche kwa nusu ya bei ya wengine, anataka nimtumie hela yote pamoja na ya kutolea, halafu anapakia kwenye basi. Nimehesabu miche 120. Mbegu za nyanya kuna mwingine anapima kwa gramu, anasema nusu ekari ni gramu 50. Huyohuyo ana mbegu za stroberi za bluu. Nianzie wapi, na nikague nini kabla ya kulipa?

BwShamba_Usambara:
Karibu mkuu. Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ununue nini. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukipanda mita 6 kwa 6 ni miti 112, ukiweka 7 kwa 7 inabaki 82. Kwa hiyo 120 inatosha, miche 8 ya ziada itazibia mapengo. Ila usichukue yote Hass. Maua ya Hass ni ya kundi A: asubuhi yanafunguka yakiwa ya kike, na kesho yake mchana yanafunguka tena yakiwa ya kiume. Weka Fuerte, aina nyingine ya parachichi ya kundi B, ambayo ratiba ya maua yake ni kinyume na ya Hass, ili zichavushane: kama mti mmoja kwa kila kumi, uitawanye shambani. Muuzaji anayeijua kazi yake ukimtajia Fuerte ataelewa mara moja. Anayekujibu "Hass inajitosheleza, chukua zote" mtilie shaka.

Sasa suala la bei ya nusu. Mche wa kubebeshwa una gharama zake: mche wa chini unaota kwa miezi, kikonyo (kijiti cha Hass kinachounganishwa kwenye mche wa chini) kinatoka kwenye mti mama, kuna fundi wa kubebesha, na ipo miche inayokufa kwenye kivuli. Wanaouza kwa nusu mara nyingi wanauza mche wa kokwa. Huo utakaa miaka 7 au zaidi bila tunda, na likija halitakuwa Hass. Ndiyo maana utapeli huu unalipa: unagundua ukiwa umeshapalilia miaka mitano na namba ya simu haipatikani.

MamaKitalu:
Naongezea jinsi ya kumkagua akiwa mbali. Picha za ukurasani usizitegemee, zinaibwa. Omba simu ya video akiwa ndani ya kitalu, si ofisini. Mwambie achukue mche wowote utakaouchagua wewe kwenye mstari, asogeze kamera kwenye shina, sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo.

Mche uliobebeshwa kwa kabari una kovu la umbo la V linaloonekana pande mbili za shina. Gome la juu ya kovu linatofautiana kidogo na la chini kwa rangi au ukwaru, na mara nyingi shina lina kakifundo pale. Mche wa udanganyifu umekatwa kisu juujuu na kufungwa nailoni. Mwambie afungue nailoni. Ukikuta mistari ya gome inapita kutoka chini hadi juu bila kukatika, na mkato umepona kama kidonda cha kawaida, huo ni mche wa kokwa uliovalishwa bandeji.

Kingine, mwambie apasue kiriba kimoja mbele ya kamera, mlipe huo mche ukitaka. Mizizi iwe myeupe au ya krimu. Ikiwa inazunguka chini kama springi ya kitanda, mche umekaa sana kwenye kiriba. Ikiwa myeusi na inakatika ukiivuta, ni ugonjwa wa kuoza mizizi (Phytophthora). Huo usiupokee hata bure, kwa sababu udongo wa kiriba kimoja unaweza kuambukiza shamba na vimelea hukaa ardhini miaka mingi.

Muulize pia namba ya usajili wake TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu), na mti mama wa vikonyo uko wapi. Kisha piga simu TOSCI Morogoro uwasomee hiyo namba. Cheti kilichopigwa picha kwa simu kinahaririwa kwa dakika mbili.

Mzigo_Salama:
Mimi nizungumzie usafiri, maana hapo ndipo miche mizuri inapofia. Njombe mpaka Soni unapita Makambako, Iringa, Morogoro, Chalinze, Segera, Mombo. Mche uliozoea baridi ya Njombe ukiupitisha Segera na Mombo saa nane mchana ndani ya buti la basi, karibu na injini, majani yanaiva. Unafika ukiwa kijani, siku ya tatu majani yanageuka kahawia, na muuzaji anasema hukumwagilia.

Piga hesabu ya uzito: kiriba chenye udongo wenye unyevu ni kama kilo 2, kwa hiyo miche 120 ni kilo 240 hivi. Huo si mzigo wa basi, tafuta kigari au Fuso inayorudi tupu, na mpange iwe inapita Chalinze hadi Mombo usiku. Miche isimame wima kwenye kreti, isilazwe wala kupandishwa juu ya mingine. Juu iwekwe neti ya kivuli, si turubai: turubai likifungwa kwenye jua linakuwa tanuri, na gari likiwa wazi kabisa upepo unakausha machipukizi. Imwagiliwe jioni ya siku moja kabla ya safari. Ikimwagiliwa asubuhi ya kupakia, udongo unakuwa tope, kiriba kinatikisika njiani na udongo unaachana na mizizi.

Malipo: usilipe yote. Anza na miche 10 tu, iende kwa basi la usiku, uipokee na kuikagua. Ikiwa sawa, kwa mzigo mkubwa toa malipo ya awali, kiasi kingine akikutumia picha ya gari likiwa limepakiwa, namba ya gari na stakabadhi, kinachobaki ukishahesabu. Jina linalotokea kwenye muamala lilingane na jina la usajili. Andikianeni kwenye ujumbe kwamba miche iliyokufa au kuvunjika ikifika inarudishwa, na wewe urekodi video wakati wa kushusha, kabla ya kugusa chochote.

BwShamba_Usambara:
Mzigo_Salama kasema kweli. Ikifika usipande siku hiyohiyo. Iweke chini ya kivuli cha nusu jua siku 7 hadi 14, mwagilia, usiweke mbolea. Ng'oa magugu yote kwenye viriba, hasa ndago, maana ndago husafiri na udongo wa kitalu na ukiileta shambani hutaimaliza. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu likate mara moja, hilo ni la mche wa chini na litakimeza kikonyo. Nailoni ikiwa bado imebana, fungua kabla haijalikaba shina.

FundiKisu:
Mimi sikubaliani na kusafirisha udongo kilo 240. Lushoto parachichi za kienyeji zimejaa, makokwa yapo bure. Otesha mwenyewe, shina likifika unene wa penseli agiza vikonyo badala ya miche. Vikonyo 150 vinaingia kwenye deli moja. Viwe sentimita 10 hadi 12, unene sawa na penseli, macho yamevimba lakini hayajafunguka, majani yamekatwa na kuacha kipande kifupi cha shina la jani. Vifungwe kwenye gazeti bichi lililokamuliwa, halafu mfuko wa plastiki, barafu ikae chini na isigusane navyo. Vibebeshwe ndani ya siku chache. Kila siku inayopita inapunguza vitakavyoshika.

MamaKitalu:
FundiKisu, njia yako ni nzuri kwa mwenye mkono uliozoea. Mtu anayeanza anaweza kupoteza zaidi ya nusu, na atachelewa msimu mzima akisubiri makokwa. Tena vikonyo vya mti usioujua vinaweza kubeba sunblotch, ugonjwa usio na dawa unaohama kwa kubebesha na kwa kisu kisichosafishwa. Akienda huko, achukue vikonyo kwa mzalishaji mwenye miti mama iliyokaguliwa, na kisu kisafishwe kwa jiki iliyochanganywa na maji kila anapohama mti.

DukaPembejeo:
Kwenye nyanya, gramu 50 kwa nusu ekari ni nyingi mno. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu 300 hivi. Nusu ekari ukipanda sentimita 90 kwa 50 ni mashimo kama 4,500. Ongeza asilimia 15 ya zisizoota na za kuzibia, unapata 5,200, yaani gramu 17 au 18. Chotara (F1) huuzwa kwa idadi ya mbegu, pakiti ya 1,000 au zaidi, zikiwa zimefungwa kiwandani. Anayekupimia F1 kwa gramu kutoka kwenye kopo, uwezekano mkubwa ni mbegu zilizokamuliwa kwenye nyanya za sokoni. Zitaota vizuri tu, shida inakuja kwenye matunda: kila mche na umbo lake, na ukinzani wa magonjwa unasambaratika.

Kwenye pakiti tafuta lebo ya TOSCI yenye sehemu ya kukwangua, namba ya fungu, asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa. Uhakiki ile namba kwa maelekezo yaliyo kwenye lebo yenyewe. Rangi nyekundu au bluu kwenye mbegu isikupumbaze, hiyo ni dawa ya kuzuia ukungu na mtu yeyote anaweza kupaka rangi. Kabla ya kusia zote, jaribu 20 kwenye tishu yenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa. Kwenye joto zinaota siku 5 hadi 8. Baridi ya Soni mwezi wa saba inaweza kufika siku 14, usizitupe mapema. Zikiota chini ya 16, dai pakiti nyingine.

Stroberi za bluu hazipo duniani, ni picha ya kuchorwa. Hata stroberi nyekundu wakulima wengi hawapandi mbegu, wanapanda miche inayotokana na matawi yanayotambaa, ili tunda lifanane na la mama.

ShambaSoni:
Asanteni sana wakuu. Nimempigia video, amesema nailoni haiwezi kufunguliwa "mpaka mche ushike", na miche ina urefu wa magoti. Nifanyeje?

MamaKitalu:
Mche wa urefu wa magoti ulishashika miezi iliyopita, nailoni ilitakiwa iwe imeshatoka. Mwambie afungue mitatu utakayochagua wewe. Akikataa, usimtumie hata ya kutolea.