Naombeni ushauri: tumewaahidi watoto SeaWorld ya Abu Dhabi, sasa mmoja amegoma kwenda

Mama Watatu wa Tabata

Habari zenu wana jukwaa, poleni na majukumu. Mwenzenu nina jambo linaniumiza kichwa naomba waliowahi kufika huko wanisaidie. Mimi na baba watoto tumekuwa tukiweka hela kidogo kidogo kwenye kikoba kwa ajili ya safari moja ya familia, na tuliwaambia watoto wakifanya vizuri shuleni tutawapeleka SeaWorld ile ya Abu Dhabi, pale Yas Island, kwenye wanyama wa baharini na michezo ya kupanda. Sasa wamefanya vizuri kweli na ahadi ni deni, hatuna pa kukimbilia.

Tuko sita. Sisi wawili, kijana wa form one ambaye yeye anawaza vile vitreni vya kupinduka tu, binti wa darasa la nne, kitinda mimba wa miaka minne, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua, akipanda ngazi mbili tatu anatafuta pa kukaa.

Tatizo ni binti. Aliona klipu kwenye simu ya mjomba wake, nyangumi muuaji anazunguka kwenye bwawa, pezi la mgongoni limelala upande kabisa, basi toka siku hiyo amesema yeye haendi. Ananiuliza mama, kwani wale waliombwa ruhusa kukaa pale? Nikakosa jibu. Kaka yake anamwambia anawaharibia safari wenzie, juzi wamegombana mpaka wamelia wote wawili. Sitaki kumburuza mtoto kwenye kitu ambacho moyo wake unakataa, na sitaki hawa wengine wakose walichokitolea jasho.

Halafu kuna wakala katuletea kifurushi cha Dubai kimeandikwa "pamoja na akwariumu", bei yake inavutia. Wengine wananiambia niende Durban visa haihitajiki. Dada yangu yuko Marekani anasema twende SeaWorld ile ya Orlando tufikie kwake. Siku moja inatosha kweli? Huyu wa miaka minne atapanda nini? Bibi yao atahimili? Mwezi wa sita au wa kumi na mbili? Na huyu binti nimjibu nini jamani.

Kijana wa Mabibo

Nimeweka kambi hapa, na mimi nina mpango huo huo na wanangu.

Shangazi Kariakoo

Dada yangu kabla hujalipa hata senti rudi kwa huyo wakala umuulize AKWARIUMU IPI. Nimekuja mbio kuandika hili. Watu wa karibu yangu waliuziwa kifurushi cha namna hiyo hiyo na wakala mmoja hapa mjini, wakajua wanaenda SeaWorld, wamefika kumbe ni ile akwariumu iliyomo ndani ya Dubai Mall. Nzuri sana sikatai, tangi la lita milioni 10 na njia ya kioo unapita papa wako juu ya kichwa, lakini si SeaWorld, si mahali pa kuzunguka siku nzima wala hakuna hicho kitreni cha kijana wako. Na ujue kile kioo kikubwa cha mbele watu wanasimama wanaangalia bure wakiwa wanafanya shopping zao, tiketi ni ya kuingia ndani.

SeaWorld iko Abu Dhabi, kutoka Dubai ni kama saa moja na kitu kwa gari. Visa ni moja tu ya nchi nzima ya Emirates hiyo isikusumbue, ila mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi jina la sehemu, tarehe, na nani analipia usafiri wa Dubai mpaka Yas kwenda na kurudi. Akianza kuzungukazunguka, hela yako mfukoni.

Mbeba Boksi Sharjah

Mama Watatu shikamoo kama umenizidi. Mimi niko huku Emirates, wageni wangu kutoka Dar nawapeleka pale mara kwa mara, nikupe picha halisi.

Kwanza ujue ile sehemu yote iko ndani ya jengo, ilifunguliwa Mei 2023, ni ghorofa kadhaa na kiyoyozi kila kona. Kwa hiyo swali la mwezi wa sita au wa kumi na mbili jibu lake si kama la bustani nyingine. Mwezi wa sita nje ni nyuzi 40 na zaidi, huwezi kutembea na bibi hata kutoka hotelini mpaka dukani, lakini ukishaingia ndani huna habari na jua, na hoteli kipindi hicho zinashusha bei sana maana watu wa Ulaya wanalikimbia joto. Disemba hali ya hewa nzuri, mtajisikia mko likizo hasa, ila watu ni wengi na bei ziko juu.

Ndani wamegawa kanda kanda, ukiingia unafika ukumbi mmoja mkubwa wa katikati wenye skrini imeuzunguka wote, halafu kila mlango unakupeleka bahari yake. Kuna ya visiwa vya joto, kuna ya Abu Dhabi yenyewe, kuna ya barafu ambayo ina upande wa kaskazini na wa kusini. Huko kwenye pengwini ni baridi ya ukweli sio ya utani, wabebee watoto masweta, mimi nilishuhudia mama mmoja kamvulia mwanae mtandio akamfunga kifuani. Pengwini wanakaa wamesimama kwenye theluji kama hawana habari na nyie, halafu mmoja anajirusha kwenye maji, na kioo kinaendelea mpaka chini kwa hiyo mnamuona anapita mbele ya pua zenu kama risasi, mtoto wa miaka minne hapo hamumtoi. Tangi kubwa kabisa ni lita milioni 25, kioo chake kimepanda kwenda juu kama mita 20, mama mkwe mtafutieni nafasi akae hapo mbele, samaki aina ya taa wakubwa na papa watampitia wenyewe bila yeye kunyanyua mguu.

Magoti: kuna lifti, na viti vya matairi vinakodishwa, viulizieni asubuhi mapema mnapoingia. Kigari cha mtoto pia chukueni hata kama anasema yeye mkubwa, ikifika mchana atakilalia.

Kijana wa form one kitreni chake kinaitwa Manta Coaster, kiko kanda ya joto, akishuka atataka tena. Kila mtambo una kipimo cha urefu mlangoni na hawana huruma, mtoto amepungua sentimita moja anarudishwa, kwa hiyo wapimeni wote nyumbani bila viatu, halafu linganisheni na namba zilizoko kwenye tovuti yao. Msije mkamtoa mtu machozi kwenye foleni. Mdogo ana vyake vya watoto, asiwape presha.

Siku moja inatosha kama mnaingia mlango unavyofunguliwa. Chakula cha nje hakiruhusiwi, cha ndani ni halali ila bei imesimama, kunyweni chai nzito kabla. Sehemu za kuswalia zipo. Ilipofunguliwa tiketi ya mkubwa ilikuwa dirham 375, bei zinabadilika na kuna tiketi za kuunganisha na bustani nyingine za hapo Yas kama Ferrari World, sasa msishawishike kuzibeba zote na mtoto mdogo na mzee, mtaishia kukimbizana.

Kaka wa Sinza

Durban mie nimeenda. uShaka Marine World iko ufukweni kabisa, ilianza 2004, upande mmoja akwariumu upande mwingine maji ya kuteleza. Akwariumu yake wameitengeneza kama meli ya mizigo iliyozama, unashuka ndani humo kwenye giza giza unakutana na matangi, watoto wanapenda mno. Pomboo wapo, sili wapo, pengwini wa Afrika wapo. Ni kweli sisi Watanzania visa ya matembezi hatuhitaji, ila kwa watoto bebeni vyeti vya kuzaliwa, na mzazi mmoja akibaki basi barua ya ridhaa yake, msiseme hamkuambiwa. Hasara yake utaunganisha ndege Johannesburg. Na mwezi wa sita kule ni baridi yao, si kali, lakini kuteleza kwenye maji mtoto wa Dar atatetemeka. Kama lengo ni maji nenda Disemba, kama lengo ni vitreni vya kupinduka, Durban haitamtosha kijana.

Mtoto wa Ilala, Texas

Orlando ni baba lao kwa michezo ya kupanda, ila piga hesabu: ada ya kuomba visa peke yake mwaka 2023 ilipanda mpaka dola 185 kila kichwa, ukikosa hairudi. Mko sita. Na huyo binti ndio kabisa, nyangumi wauaji aliowaona kwenye klipu wako huku.

Mwalimu wa Baiolojia Kigamboni

Naomba nijibu lile la binti maana wengi mmelipita juu juu, na kwangu ndilo swali lenyewe.

Mama, mtoto wako hajakosea na msimwambie anaharibu safari. Nyangumi muuaji baharini anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja, anaishi na ukoo wake, na kuna koo ambazo mama na watoto hawaachani maisha yao yote. Bwawa halimpi hayo. Lile pezi lililolala ni jambo linaloonekana sana kwa madume wanaofugwa na ni nadra kwa walioko baharini, kwa hiyo jicho lake limeona kitu cha kweli. SeaWorld wenyewe mwaka 2016 walitangaza kuacha kuwazalisha, waliobaki kule Marekani watakaa humo mpaka mwisho wa maisha yao.

Sasa mwambie na upande wa pili bila kumficha kitu. Hii ya Abu Dhabi ndiyo SeaWorld ya kwanza kujengwa bila nyangumi wauaji. Pomboo wapo lakini, na kuhusu pomboo watu wazima wenye akili zao bado wanabishana, mtoto wa darasa la nne ana haki ya kuwa na msimamo wake. Wana pia kituo cha utafiti na uokoaji hapo hapo Yas, wanatibu kasa na wengine wanaookotwa wakiwa wagonjwa kisha kuwarudisha baharini. Na bahari ya Abu Dhabi ina nguva (mnyama wa kweli, si yule wa hadithi) kama 3,000, duniani wanazidiwa na Australia tu. Nguva huyu huyu ambaye wazee wa Rufiji na Kilwa walimjua, leo mvuvi anaweza kuvua miaka asimuone. Nyavu zimewamaliza. Ukimweleza hivyo ataelewa kwamba mnyama anaweza kuteseka na nje ya bwawa pia, na kwamba kuna watu kazi yao ni kuhangaikia hilo.

Ushauri wangu, mpe ruhusa ya kutoingia kwenye onyesho la pomboo. Akae na bibi yake kwenye lile tangi kubwa wakati kaka yake anaangalia onyesho. Hakuna mtu atakayepoteza chochote. Na mwandalieni kijidaftari, akutane na wahudumu awaulize maswali yake mwenyewe, kasa huyu ametoka wapi, atarudi lini. Mimi wanafunzi wangu wanaouliza hivi ndio ninaowategemea.

Bint Kilindoni

Mwalimu umemaliza, naongeza moja tu. Mama Watatu mnataka kwenda mbali kumuona samaki kwenye kioo, kumbe samaki mkubwa kuliko wote duniani yuko kwetu Mafia. Papa potwe wanakuja kuanzia Oktoba mpaka Machi, karibu kabisa na Kilindoni, unapanda boti asubuhi unakaa nao kwenye maji. Hang'ati, chakula chake ni vidudu vidogo vya kwenye maji. Mgongo una madoa meupe, ukimuona kwa juu kabla hajafika unadhani ni kivuli cha wingu. Anayeogopa kuingia majini anamuona akiwa botini. Sheria ni kutomgusa na kutomzibia njia, chagueni nahodha anayeheshimu hilo, akimfukuza samaki kwa mashine mwambieni azime. Huyo binti mlete, huku hakuna aliyefungiwa.

Mama Watatu wa Tabata

Jamani nimesoma yote, mpaka nimemuita baba watoto tukasoma pamoja. Mwalimu Mungu akubariki, nimekaa na binti jana usiku nikamsomea ile sehemu yako neno kwa neno. Akauliza nguva wanafananaje, tukaangalia picha. Akasema atakubali kwenda ila pomboo hataki kuwaona na nisimlazimishe, nikamwambia hilo limepita. Kaka yake naye amemwambia pole, hakusema kwa sauti kubwa lakini amesema.

Wakala nimempigia. Shangazi ulikuwa sahihi, ni ya Dubai Mall. Nimeachana naye.

Tumeamua hivi. Disemba twende Mafia maana potwe ndio msimu wao na shule zimefungwa, haitatumaliza hela. Abu Dhabi tunaisogeza likizo ya mwezi wa sita, hoteli zikishuka, na kwa kuwa kule ni ndani joto halitatukuta. Wamepimwa wote ukutani na penseli, mdogo kalia kwa nini yeye mfupi.

Swali la mwisho kwa Bint Kilindoni, mama mkwe kule Mafia tumpandishe boti ya Nyamisati au ndege?

Bint Kilindoni

Ndege dada. Nyamisati ni barabara mpaka huko Kibiti halafu masaa kadhaa majini, kwa magoti yale atafika amechoka. Ndege ni kama nusu saa kutoka uwanja wa zamani wa Dar, ni vindege vidogo, kwa hiyo kateni tiketi mapema na mizigo iwe ya kubeba mkononi. Na mkikata mwombeni akae dirishani, huenda akaiona Delta ya Rufiji kwa juu.