Nimeuziwa soksi za goti mara mbili na hakuna hata mmoja aloniuliza kano gani imeumia

Wakuu asalam aleykum, na wasio Waislamu salamu zenu pia. Naandika nikiwa na hasira kwa hivo mkiniona naruka ruka mnivumilie.

Mie ni fundi seremala hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kazi yangu milango, makabati, na boti mara moja moja zikija. Wiki saba zilopita nlikua natoka Mokowe na mzigo wa mbao, boti imefika jeti, mguu mmoja ushapanda ngazi mwengine uko ndani ya boti, pakapita spidi boti ya watu wenye haraka zao, wimbi likaja boti ikasukumwa kando na goti likaenda kwa ndani. Likalia tap. Si sauti kubwa, lakini niliisikia ndani ya mwili kabla ya sikio. Mbao nilizishika, mjue tu, hakuna hata moja iloingia majini.

Usiku goti likawa kama dafu. Jirani akaja na mafuta ya simsim ya moto anataka kulikanda, bahati mamangu akamkataza, akanitafutia barafu kwa wavuvi. Baadae nikaja kuambiwa goti bichi lilovimba hivo ukilikanda na kulipasha moto ndo unalizidishia uvimbe, kwa hivo mamangu aliniokoa bila hata kujua.

Asubuhi hospitali, eksirei, mifupa mizima alhamdulilahi. Aloniona akasema "ni kano tu, katafute sapoti ya goti uvae". Basi. Kano gani? Sapoti ya aina gani? Nivae vipi, muda gani? Hakuna. Ni kama mie nije kwako nikwambie nyumba yako ina shida ya mlango, kanunue mbao, alafu nijiendee.

Haya, kemisti. Kijana akaniangalia juu mpaka chini, mwili wangu si mdogo, akasema "wewe ni L". Kwa macho! Sisi mafundi hata kipande cha ubao wa kufungia dirisha hatukati bila futi, huyu ananipima goti lilovimba kwa macho, na juu ya kanzu! Elfu moja mia nane. Kufika nyumbani nafungua, ni mpira ule kama wa nguo za wapiga mbizi, una tundu mbele la kutokeza pia ya goti. Nikaivaa siku nne. Ilinipa joto, ilinibana, nikajihisi kama niko salama, na hapo ndo penye hatari, manake siku ya tano nashuka ngazi za nyumba yetu, na mnazijua ngazi za nyumba za mawe za Amu zilivosimama, goti likaenda ndani tena vile vile kama siku ile ya boti. Ile sapoti haikuzuia hata kidogo. Itazuiaje? Ni soksi. Ukiishika huku na huku ukaikunja inakunjika kila upande kama mkate wa mofa.

Na tundu lile la mbele, nimekuja kujua, ni la watu wenye matatizo ya pia ya goti. Mie pia yangu ina makosa gani?

Nikasema basi shida ni bei, nlinunua cha rahisi. Nikaingia mtandaoni nikaona ukurasa wa muuzaji wa Nairobi, picha safi, chuma mbili pembeni, bawaba zinaonekana kabisa, imeandikwa ya kano zote za goti. Kano ZOTE. Goti lina kano kubwa nne wazee, moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili katikati zimepishana kama msalaba, ya mbele yauzuia muundi usiteleze mbele na ya nyuma yauzuia usirudi nyuma, kila moja na kazi yake, alafu dude moja latibu zote! Lakini mimi wakati huo sijui, nina maumivu, na mtu mwenye maumivu huamini picha. Elfu nne na mia tano kwa M-Pesa, nauli ya kifurushi mbali.

Kikafika kwa basi, nikatuma mtoto wa dada yangu akichukue. Nafungua, chuma hakuna. Bawaba hakuna. Kumbe ndani ya kitambaa pembeni kuna springi, zile za kujizungusha kama za kalamu ila bapa, nimezipinda kwa kidole gumba tu. Nampigia muuzaji ananambia "boss hiyo ndo stabilaiza". Bawaba zilokua kwenye picha je? "Picha ni ya mfano". Rudisha pesa basi. "Bidhaa za mwilini hazirudishwi". Alafu akaniblok.

Hasira zikanifanya niikaze ile mikanda ya kunata mpaka mwisho, nikijua ikibana sana ndo itashika. Msifanye hivo. Baada ya kama saa mbili mguu ukaanza ganzi upande wa juu wa unyayo, nataka kunyanyua kidole gumba kinakuja kwa uvivu. Nikaitupa pale pale. Ganzi ikaisha ila nlilala macho. Pale nje ya goti, chini kidogo, kuna kifupa ukikipapasa utakisikia, mshipa wa fahamu wapita hapo karibu sana na ngozi, mkanda ukikaza juu yake waweza kukulegezea mguu ukawa unauburuta. Hayo hayakua kwenye karatasi ya ndani ya boksi, karatasi yenyewe ina lugha tatu na hakuna hata moja naielewa.

Basi nikafunga safari ya Mombasa. Wale mnaojua njia mnajua: boti, Mokowe, Witu, Garsen, Malindi, na kila kizuizi teremka na kitambulisho mkononi, na mie nateremka na fimbo ya marehemu babangu. Siwatukani maaskari, wako kazini, lakini goti halijui usalama.

Mombasa nikapata fizio, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, mama mmoja wa makamo, sauti kali kama ya maalim wa chuo. Swali la kwanza: "Goti lilienda upande gani?" WAKUU. Karibu nilie. Wiki tatu, pesa zote zile, ndo mara ya kwanza mtu ananiuliza. Akanilaza, akalikunja goti kidogo tu, akausukuma mguu nje huku ameshika paja, mie naruka. Akauvuta muundi mbele, akausukuma nyuma, akalinganisha na mguu mzima. Akasema ni kano ya upande wa ndani, daraja la pili, yaani imechanika sehemu haijakatika yote, na hiyo kwa kawaida hupona bila upasuaji ikiwa goti litazuiwa kwenda ndani huku likiruhusiwa kukunja na kunyooka. Ingekua ya mbele katikati imekatika yote basi mambo mengine, hapo ni MRI, ile picha ya mashine inayoonesha mpaka kano, na mazungumzo ya upasuaji, wala bresi, yaani sapoti ngumu ya chuma, haiungi kano ilokatika.

Akatoa futi! Yule mama alitoa futi ya kushonea nikamuona kama dada yangu. Sentimita 15 juu ya katikati ya pia akazungusha paja, sentimita 15 chini akazungusha shavu la mguu, akaandika. Alafu akaniletea bresi yenyewe, chuma mbili za kweli pembeni, bawaba kila upande, na ndani ya bawaba kuna vipini vya kuzuia goti lisipite digrii fulani. Mie bawaba ndo chakula changu, nikaigeuza geuza, nikaichezesha, nikamwambia hii ni kazi ya mtu alosoma. Akanionesha bawaba lazima ikae usawa wa katikati ya pia, ikishuka chini mguu unakunja mahala pengine na chuma inakunja mahala pengine, ni kama mlango ulopigwa bawaba mbili zisizo kwenye mstari, utalia tu na mwisho screw zitang'oka.

Elfu kumi na moja. Ndio, ghali. Lakini jumlisha zile mbili za mwanzo na nauli na siku nilizolala bila kazi ndo mtajua kilichokua ghali.

Sasa nyie wauzaji mlioko humu, najua mpo: mnakosa nini mkiuliza maswali matatu? Uliumia vipi, daktari kasemaje, paja lako sentimita ngapi. Soksi iuzwe kama soksi, ina kazi yake, mzee mwenye goti la baridi itamfaa, lakini musimuuzie mtu alochanika kano mkamwambia arudi uwanjani. Kuna kijana hapa Langoni ana kano ya mbele, alivaa kama ile yangu ya kwanza akaenda kucheza mpira, goti likamchomoka mara ya pili na sasa wanasema na ile gegedu ya kati imechanika.

NYONGEZA: Naona mnauliza sana, najibu kwa pamoja. Kuswali naswali kwa kiti, kukaa tahiyatu bado. Jasho ni balaa kwa joto hili, navaa soksi ndefu ya pamba ndani na jioni naisuuza mikanda kwa maji ya tamu, chuma napangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo manake chumvi ya huku haibakishi kitu. Mazoezi nafanya kila siku, kukaza misuli ya mbele ya paja na kunyanyua mguu ulonyooka, mama fizio kasema nisipofanya paja litanywea na bresi itaanza kuteremka, na kweli wiki ya pili ilianza. Zimebaki wiki mbili za kuivaa.

Na wewe ulosema nikuuzie zile mbili za zamani kwa bei ya kutupa, ya springi ipo njoo uichukue bure. Ya tundu nshaikata, nimeifunga kwenye mpini wa tezo, na hapo imeshika vizuri sana wallahi.